Bibi na Bwana wamechoka: nembo za serikali ukiziangalia kutoka nyuma ya printa

Ukifanya kazi steshenari hapa Bongo kuna sentensi utaisikia mpaka uiote: "niwekee na bibi na bwana hapo juu". Anaweza akawa mtendaji wa mtaa anaandaa tangazo la mkutano, anaweza akawa katibu wa kamati ya shule, anaweza akawa jamaa ana kikundi cha vikoba ambacho serikali haina hata habari nacho, wote wanataka bibi na bwana juu ya karatasi. Hakuna anayesema nembo ya taifa. Wachache wanasema Adamu na Hawa, hasa wazee, ila wengi ni bibi na bwana, na ukimuuliza mteja kwani hiki kikundi chako ni cha serikali anakuangalia kwa huruma, yaani we kijana hujui barua bila hiyo kitu hamna anayeisoma?

Mi nimekaa na hii picha muda mrefu. Kazi yetu ina vipindi vya kusubiri tu, umeme umekata, au printa inapiga kelele bila kutoa karatasi, na kwenye kusubiri mtu unaanza kuangalia vitu ambavyo kila siku unavipita. Kwa hiyo leo naomba tuzungumzie hizi alama, nembo na bendera za taasisi za serikali, maana naona tunazitumia sana na tunaziangalia kidogo mno.

Chukua ile nembo uikuze kwenye skrini mpaka ijae. Katikati ni ngao ina sehemu nne. Juu rangi ya dhahabu na mwenge unawaka, chini yake bendera ya taifa, halafu sehemu nyekundu yenye mkuki umesimama na shoka na jembe vimepishana, halafu chini kabisa mawimbi ya bluu na nyeupe. Maelezo rasmi tulikaririshwa shuleni: dhahabu ni madini, wekundu ni ardhi yenye rutuba, mawimbi ni bahari na maziwa, mkuki wa kulinda uhuru, jembe na shoka vya kujenga nchi. Ngao imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Pembeni mwanaume na mwanamke, mama ana kilemba, wameshika pembe mbili za ndovu zilizopinda kuizunguka ngao, na chini utepe umeandikwa Uhuru na Umoja.

Sasa angalia miguuni kwao. Hapo ndo wengi hawajawahi kuangalia, na siwalaumu maana kwenye fotokopi pale huwa panaonekana nyasi tu. Miguuni kwa bwana kuna mkarafuu na miguuni kwa bibi kuna mpamba. Yaani Zanzibar na Bara wamewekwa pale kwa mazao, karafuu ya Unguja na Pemba, pamba ya kanda ya ziwa, vitu vilivyokuwa vinaleta pesa za kigeni wakati nchi mbili zinaungana Aprili 1964. Ukitaka kujua mwaka 1964 nchi hii ilitegemea nini, huhitaji ripoti ya uchumi, angalia tu majani. Leo ingechorwa upya nadhani kungekuwa na ugomvi mkubwa sana, wa korosho wangeandamana, wa dhahabu wangesema sisi je, na vijana wa mjini wangetaka bodaboda iwekwe.

Na zile pembe jamani. Wakati ule pembe za ndovu zilikuwa heshima, basi. Lakini kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walishuka kutoka kama 109,000 mpaka kama 43,000, walimalizwa na majangili, na nchi ikawa inatajwa duniani kwa aibu hiyo. Kipindi chote hicho kila barua ya serikali, hata ile ya kuagiza operesheni dhidi ya majangili, ilitoka na watu wawili wameshikilia pembe pale juu. Sisemi zitolewe, nembo siyo gazeti ubadilishe kila siku, ila ukishaliona hili huwezi kuacha kuliona.

Wanyama wana historia yao ndefu kwenye hizi alama, na hapa nitarudi nyuma kidogo. Waingereza walikuwa na mtindo wao, kila koloni linapewa bendera yenye Union Jack kwenye kona halafu linawekewa beji yake pembeni. Kenya walipewa simba mwekundu, Uganda wakapewa korongo, sisi Tanganyika tukapewa kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe, na bendera yetu ilikuwa nyekundu wakati za wenzetu zilikuwa za bluu. Uhuru ulipokuja Union Jack ikaondoka lakini wanyama wakabaki! Korongo wa Uganda yuko mpaka leo katikati ya bendera yao. Simba wa Kenya wamepanda cheo, wako wawili na wameshika ngao ya taifa. Twiga wetu hakuingia kwenye nembo ya taifa ila hakwenda mbali, Benki Kuu wanaye, ndege za Air Tanzania zinaye kwenye mkia. Zanzibar nao, ile bendera ya Desemba 1963 ilikuwa nyekundu na duara la kijani lenye karafuu mbili, iliishi mwezi mmoja tu mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, bendera ikafa ila karafuu kumbe ikahamia miguuni kwa bwana.

Na rangi zetu zenyewe zilitoka vyamani, hili nalo watu wanasahau. TANU walikuwa na kijani, nyeusi, kijani. Bendera ya Tanganyika ya 1961 ikachukua hizo hizo ikaongeza mistari ya dhahabu. ASP kule Zanzibar walikuwa na bluu, nyeusi na kijani. Zilipoungana wakachukua kijani ya huku, bluu ya kule, nyeusi ya wote, dhahabu ikabaki, wakazilaza mshazari ili asiwepo aliyekaa juu ya mwenzake moja kwa moja. Kwangu mimi ile mshazari ndo kazi ya akili kuliko zote kwenye bendera yetu. Kenya ni hivyo hivyo, yule jogoo aliyeshika shoka kwenye ngao yao alikuwa ndo alama ya KANU, chama kikashindwa uchaguzi 2002, jogoo yupo hadi leo na hamna anayemdai kodi.

Tukirudi kwa bibi na bwana, kuna swali la nani alichora. Mei 2017 watu wengi tulimuona kwenye TV Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu Ngosha, anaishi maisha magumu sana Buguruni hapa Dar, akisema yeye ndo aliyeichora nembo ya taifa. Akapelekwa hospitali, ikaishia Muhimbili, na alifariki mwezi huo huo kabla wengine hatujamaliza hata kubishana. Maana ubishi ulikuwepo, jina la Jeremiah Wisdom Kabati nalo limetajwa miaka mingi kuwa ndo mchoraji. Sitaamua mimi hapa. Ninachoweza kusema kutokana na kazi yangu ni kwamba kitu cha hivi huwa hakichorwi na mkono mmoja, kuna anayeleta wazo, kuna anayechora, kuna bosi anasema hapo ongeza mlima, kuna mwingine anakisafisha kiende kiwandani, na wote wanaweza kusema kwa haki "nilichora mimi". Tatizo ni kwamba hakuna aliyeandika majina wakati ule, ndo maana baada ya nusu karne tunaanza kutafutana kwenye vitanda vya hospitali. Inauma.

Bendera ina bahati kuliko nembo, kwa sababu bendera ina utaratibu ambao watu bado wanauogopa. Pita karibu na kituo cha polisi au ofisi ya mkuu wa wilaya saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi na mbili jioni, filimbi inalia, na kila mtu anasimama. Mama wa vitumbua anatua beseni, bodaboda anazima pikipiki, mlevi wa jana naye ananyooka anavyoweza. Sekunde chache tu, filimbi ya pili inalia, maisha yanaendelea. Wageni wakiona wanashangaa sana. Na ukijifanya una haraka utajua, kuna askari atakuita kwa sauti ambayo hutaisahau.

Lakini angalia na bendera zenyewe zilivyo. Nimeona ofisi za umma bendera imepauka mpaka kijani na bluu zimekuwa rangi moja, ncha imechanika nyuzi zinaning'inia, na chini ya mlingoti kuna jiwe limepakwa chokaa vizuri kabisa, jiwe linapendeza kuliko bendera. Halafu kuna wale wanaoipandisha kichwa chini. Jamani kijani iko juu, upande wa mlingoti. Bluu iko chini. Ukiona bluu imegusana na mlingoti kule juu basi imegeuzwa. Siyo sayansi ya roketi.

Zanzibar wana bendera yao, tangu Januari 2005, ni ile bluu nyeusi kijani ya kulala na bendera ya Muungano ndogo imewekwa kwenye kona. Ukienda ofisi za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, unaiona, ukitoka hapo ukaingia ofisi ya Muungano mtaa huo huo unakuta nyingine. Kwa mtu wa Bara mara ya kwanza inachanganya kidogo ila ukielewa inakusaidia sana, kabla hujasoma kibao umeshajua uko kwa nani, kwa serikali ipi, na malalamiko yako yanaishia wapi. Hiyo ndo kazi ya alama.

Magari vilevile. Mtanzania ambaye hajawahi kusoma kanuni yoyote anajua ST ni gari la serikali, SU ni shirika la umma, SM ni serikali za mitaa, DFP ni mradi wa wafadhili kwa hiyo viyoyozi vinafanya kazi. Akiona bendera ndogo inapepea mbele ya shangingi anajua kuna mkubwa ndani. Na gari ambalo halina namba kabisa, lina nembo ya taifa tu pale kwenye kibao, hilo halihitaji maelezo, ukiliona wewe tayari umesimamishwa barabarani nusu saa. Bibi na bwana hapo wana nguvu kweli, kwa sababu wako kwenye gari la mtu mmoja.

Kwenye karatasi hali ni nyingine kabisa. Ipo Sheria ya Nembo za Taifa ya 1971, matumizi siyo ya kila mtu anavyojisikia, lakini sijawahi kumuona mteja anayeiogopa. Linganisha na nguo za jeshi. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba raia wasalimishe mavazi yanayofanana na ya kwao, na mtaani kwetu kofia za mabaka zilipotea usiku mmoja, hata begi la mtoto la madoa ya kijani lilifichwa uvunguni. Bibi na bwana hawana jeshi la kuwatetea kwa hiyo kila mtu anawavuta. Na nikisema wanavutwa namaanisha wanavutwa, mtu anaikamata picha kwenye kona anainyoosha ili ijae nafasi, bwana anakuwa mnene, pembe zinalala, mlima Kilimanjaro unakuwa tuta. Nimeshapokea faili ambalo nembo imekopiwa kutoka kwenye skrinishoti ya picha ya barua iliyopigwa na simu, na unaona kabisa kivuli cha kidole gumba cha aliyepiga. Ukiitoa fotokopi mara ya kwanza mwenge bado una moto. Mara ya tatu moto ni doa. Baada ya hapo mpamba na mkarafuu vinakuwa kichaka kimoja na Muungano umekamilika.

Hapa ndo panapoingia matapeli. Mnazijua zile barua za ajira zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, PDF safi, juu imeandikwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, bibi na bwana katikati, kumbukumbu namba yenye mikwaju mingi, chini muhuri wa bluu na sahihi. Halafu aya ya mwisho, tuma hela ya fomu kwenye namba ifuatayo. Watu wanatuma! Siyo wajinga, wamefundishwa maisha yao yote kwamba karatasi yenye ile picha ni ya kweli. Kuna kijana alikuja dukani anataka nimtengenezee kichwa cha barua cha ofisi fulani, nikamwambia niletee kibali cha hiyo ofisi kwanza. Akaondoka bila kinyongo. Kesho yake amerudi na kibali. Kina bibi na bwana, kina muhuri, kina kila kitu, na bwana kwenye hicho kibali amesimama mshazari kidogo kwa sababu aliyekitengeneza alisahau kunyoosha. Nilicheka mpaka naye akacheka, akaenda duka lingine nadhani.

Kwa hiyo watu kimya kimya wamehamisha imani yao. Siku hizi mama akiambiwa alipe ada ya kitu cha serikali haangalii nembo, anauliza "kontro namba iko wapi?" Akiipata anaiingiza kwenye simu, jina la taasisi likitokea sahihi analipa. Barua nazo zinakuja na QR kodi uskani uone kama ni halali. Mi nafurahi, inaokoa pesa za watu, ila fikiria maana yake: picha iliyochorwa ili hata asiyejua kusoma aitambue serikali yake sasa inabidi ithibitishwe na namba ndefu ambayo hata msomi hawezi kuikariri.

Na taasisi zenyewe ndo zinaongeza tatizo, hapa naomba niseme bila kupepesa. Kila wakala, kila mamlaka, kila bodi, kila mfuko una logo yake. Zingine nzuri, sikatai. Ila nyingi zina fomula moja: duara, ramani ya Tanzania ndani, mikono miwili imeshikana au kitabu kimefunguliwa, gia ya mashine pembeni, majani ya ngano yamezunguka (ngano, nchi ya ugali!), na jina refu limepindishwa juu mpaka herufi hazisomeki. Juzi kati nimeprinti vyeti vya semina ya siku mbili. Juu kabisa bibi na bwana kushoto, logo ya wakala kulia, katikati logo ya mradi, chini yake logo ya mfadhili, na ya kampuni ya ushauri nayo haikubali kuachwa. Cheti kinaonekana kama nyuma ya daladala. Jina la mshiriki tukalipunguza saizi ndo likaenea.

Wenzetu wengine walishalipitia hili. Canada walianza mwaka 1970 mpango wa kufanya ofisi zote za serikali kuu zitambulike kwa sura moja. Ufaransa 1999 wakaweka yule mwanamke wao Marianne katikati ya bluu na nyekundu, kila wizara inamtumia huyo huyo. Uholanzi ndo walikata kabisa, mwaka 2007 waliamua wizara na idara zao ziache logo za kila mtu na lake, wakabaki na utepe mmoja wa bluu wenye ngao ya taifa, jina la ofisi linaandikwa pembeni kwa herufi za kawaida. Zilikuwa logo zaidi ya mia moja, zote zikafungiwa kabatini. Kenya wao wamekwenda njia nyingine, katiba mpya ilileta kaunti 47, na kila moja ina haki ya bendera yake na nembo yake. Pale naona kuna mantiki maana kaunti ni serikali ya watu na wanaichagua. Bodi ya kusimamia zao moja hamna aliyeichagua, bendera ya nini?

Najua watasema polisi, magereza, zimamoto, uhamiaji, hao lazima wawe na beji zao. Sawa, nakubali, askari anavaa beji kofiani na mimi raia ninahitaji kujua nani ananisimamisha usiku. Baharini nako meli inahitaji bendera. Sizungumzii hao. Nazungumzia ofisi ambayo kazi yake ni kupokea fomu na kugonga muhuri, ambayo mwaka wa kwanza tu imeshashindanisha wasanii wachore logo, imezindua logo kwa mgeni rasmi na keki, imechapisha fulana, kofia, kalamu na mabango, na kwenye dirisha la huduma bado hamna karatasi inayosema wanafungua saa ngapi.

Ningeanza na vyeti vya semina. Bibi na bwana peke yao, katikati, saizi yao ya kawaida bila kuvutwa, jina la taasisi kwa maandishi, mfadhili ashukuriwe kwenye hotuba ya ufunguzi. Wino wa rangi wenyewe bei iko juu.